Amonia ya baharini: gesi ipi hasa ndio ya ziada?

Januari 2022 nilikuwa Namtumbo kwa mama mdogo, mahindi yameshafika magotini, muda wa kukuzia. Kwa wasiojua, wakulima wengi huko Ruvuma hawapimi mbolea ya urea kwa mizani, wanapima kwa kisoda, kile kizibo cha chupa ya soda, kisoda kimoja shimo moja. Mwaka ule mfuko wa kilo 50 ulikuwa umevuka laki moja, kwa hiyo mama mdogo akaja na hesabu yake, kisoda kimoja mashimo mawili, na ile mistari ya mwisho kule bondeni ikakosa kabisa. Mi nilikuwa namfuata nyuma na ndoo. Zile chembe nyeupe ukizishika na kiganja chenye jasho zinaanza kuyeyuka na unasikia kaubaridi fulani mkononi, na zikibaki juu ya udongo wenye unyevu siku mbili tatu bila kufukiwa, utasikia harufu ya banda la kuku ambalo halijafagiliwa wiki nzima. Harufu hiyo ndio amonia. Yaani ukiisikia ujue hela yako inapaa.

Nimeanzia hapo kwa sababu siku hizi amonia inaongelewa sana, ila inaongelewa kama mafuta ya meli, kama kitu cha kuwauzia Wajapani, kama "nishati safi ya kesho", na mtu anaweza kusoma kurasa ishirini asikutane na shamba hata moja. Wakati kiukweli dunia inatengeneza karibu tani milioni 185 za amonia kwa mwaka na takribani asilimia 70 ya hiyo inaishia kwenye mbolea. Hii ni ishu ya chakula kwanza, hayo mengine yanafuata.

Sasa hoja yenyewe ni hii. Amonia ni naitrojeni na haidrojeni. Naitrojeni ipo bwerere hewani, kazi ni kuipata haidrojeni, na kwa sehemu kubwa ya dunia haidrojeni inatolewa kwenye gesi asilia. Unaichemsha gesi na mvuke, unapata haidrojeni na hewa ukaa, haidrojeni unaibana na naitrojeni kwa joto la nyuzi 400 mpaka 500 na mgandamizo mkubwa ajabu, inatoka amonia. Njia hiyo ni ya Fritz Haber na Carl Bosch, kiwanda cha kwanza kikubwa kilianza kule Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, na mpaka leo hakuna aliyeipindua. Tatizo ni ile hewa ukaa, tani moja ya amonia inaacha nyuma karibu tani 2, na ukijumlisha viwanda vyote vya dunia unapata zaidi ya asilimia 1 ya uchafuzi wote wa hewa ukaa duniani kutoka kwenye bidhaa moja tu. Kwa hiyo watu wakasema tuikamate ile hewa ukaa tuizike chini ya ardhi, amonia itakayotoka tuiite ya kaboni ndogo, wengine wanaiita ya bluu. Halafu wengine wakaongeza, kama gesi iko baharini mbali na hakuna anayeitumia, kwa nini tusiweke kiwanda kizima juu ya meli, kikae juu ya kisima, gesi ipande, amonia ishuke kwenye meli nyingine, hewa ukaa irudi chini ilikotoka?

Kwenye karatasi inapendeza, na mi sio mtu wa kuikataa, kuna mambo ndani yake yenye akili sana. Amonia inakuwa kimiminika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, wakati LNG, yaani gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika, lazima uipoze mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa hiyo matenki ni rahisi zaidi na meli zinazobeba gesi ya kupikia zinaweza kuibeba. Hewa ukaa nyingi inayotoka kwenye mtambo inatoka ikiwa imeshatenganishwa, maana lazima uitoe kabla haijaharibu kichocheo, tofauti na moshi wa bomba la kiwanda cha umeme ambao umechanganyika na kila kitu. Na kama uko baharini juu ya kisima, mwamba wa kuzikia uko hapo hapo chini yako. Karakana za meli za Korea na makampuni ya mitambo ya baharini ya Ulaya yameshachora michoro, ila hakuna hata meli moja inayoelea leo na kuuza amonia ya gesi kibiashara.

Neno ambalo mi nataka tulishikilie ni "ziada". Gesi ya ziada. Watu wanalitumia hili neno kama vile gesi zote za baharini ambazo hazijauzwa ni kitu kimoja, na hapo ndipo mjadala unapotupoteza sisi wa pwani hii.

Kuna gesi inayopanda na mafuta utake usitake. Nenda Nigeria. Mafuta yalipatikana Oloibiri mwaka 1956, na tangu hapo gesi inayotoka pamoja na mafuta imekuwa ikichomwa kwenye minara ya moto usiku na mchana, kuna watoto Niger Delta wamekua bila kulijua giza la kweli la usiku. Sheria ya 1979 ilitaka uchomaji ukome 1984. Haukukoma. Mwaka 2024 dunia nzima ilichoma mita za ujazo bilioni 151 za gesi kwa hesabu za Benki ya Dunia, kiwango cha juu kabisa tangu 2007. Piga hesabu mwenyewe, tani moja ya amonia inataka kama mita za ujazo 900 na kitu, maana yake gesi inayochomwa bure ingetosha kutoa zaidi ya tani milioni 150 za amonia kwa mwaka, sio mbali sana na amonia yote ya dunia. Na ile gesi ya tani moja ikichomwa mnarani inatoa karibu tani 2 za hewa ukaa bila kumlisha mtu yeyote. Hiyo ni ziada kweli kweli. Mtu akiniambia anapeleka meli ya amonia kwenye kisima cha mafuta cha Nigeria au Angola ambacho kinachoma gesi, na hewa ukaa anairudisha chini, mi namuunga mkono kwa mikono miwili, hapo mazingira yanapata na mkulima anapata.

Ingawa hata huko kuna ugumu ambao hausemwi sana. Gesi ya kuchomwa imetawanyika, kisima hiki kidogo, kile kidogo, leo inakuja nyingi kesho imepungua kwa sababu mafuta yamepungua, na mtambo wa amonia hautaki mchezo huo, unataka gesi ile ile, kiasi kile kile, mchana na usiku, miezi kumi na moja bila kuzimwa. Ndio maana Nigeria mpaka sasa mafanikio yake makubwa ya mbolea yako nchi kavu, Indorama pale Eleme karibu na Port Harcourt, na Dangote pale Lekki ambaye kiwanda chake cha urea cha tani milioni 3 kwa mwaka kilizinduliwa Machi 2022. Gesi imekuja kwa bomba, kiwanda kimekaa ardhini, malori yanapakia getini.

Kuna gesi nyingine, hii yetu. Tanzania tunahesabiwa futi za ujazo trilioni 57.54, na 47 na kitu kati ya hizo ziko bahari kuu, kuanzia ugunduzi wa Pweza mwaka 2010. Nayapenda sana haya majina, sijui nani aliwaza lakini alifanya vizuri, vitalu namba 1 na 4 visima vina majina ya viumbe wa baharini, Pweza, Chewa, Jodari, Ngisi, halafu kitalu namba 2 cha Equinor, kampuni ya mafuta ya Norway, kina majina ya viungo, Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini. Ni kama mtu alikuwa anaandaa pilau la samaki. Ila sufuria halijawahi kuwekwa jikoni. Zafarani ilipatikana 2012. Januari 2021 Equinor walifuta kwenye vitabu vyao dola milioni 982 za mradi wa Tanzania, Juni 2022 yakasainiwa makubaliano ya awali ya kiwanda cha LNG pale Likong'o, Lindi, Mei 2023 tukaambiwa mazungumzo yamekamilika, halafu mkataba wenyewe ukaendelea kuzunguka mezani.

Hapo ndipo mtu anakuja na wazo, jamani LNG ya dola bilioni 42 imeshindikana kuanza, tuanze na kitu kidogo, meli ya amonia. Naelewa kabisa hamu ya kuona kitu kinaanza, hata mi ninayo. Lakini gesi iliyokaa kwenye mwamba chini ya maji yenye kina mpaka kilomita mbili na nusu haimchafui mtu hewa. Haichomwi. Imetulia. Ukiitoa ukatengeneza amonia, hata kama umezika asilimia 90 ya hewa ukaa, bado umeongeza uchafu duniani ukilinganisha na kuiacha, isipokuwa kama amonia yako imesukuma nje sokoni amonia nyingine chafu zaidi. Kwa hiyo yule anayekuja Dar na kusema "tunawasaidia kutumia gesi ya ziada kulinda mazingira" anachukua hoja ya Nigeria na kuivalisha Lindi. Kwetu sababu ya haki ya kuitoa ile gesi ni moja tu, maendeleo ya watu, na kati ya maendeleo yote yanayoweza kutoka kwenye gesi, mbolea ndio inayomfikia maskini moja kwa moja. Ukiiondoa mbolea kwenye hesabu, hoja yote inabaki ya mwekezaji.

Tuangalie namba maana bila namba tunapiga porojo. Kiwanda cha amonia cha tani milioni 1 kwa mwaka kinataka gesi kama futi za ujazo milioni 90 mpaka 100 kwa siku. Kwa miaka 25 hiyo ni chini ya trilioni 1. Kati ya 57. Kidogo sana, kiwanda cha LNG cha tani milioni 10 kingekula mara kumi na tano ya hiyo na zaidi. Unaweza kusema basi safi, kitu kidogo, tuanze nacho. Ila bahari kuu haijali kwamba we unataka kidogo. Kisima kimoja cha kina kile kinaweza kula zaidi ya dola milioni 100, na bado hujaweka mabomba ya chini ya bahari, vali, nyaya, meli ya huduma, na gharama hizo zinarudi tu ukizigawa kwa gesi nyingi. Amonia peke yake haiwezi kuzibeba, labda bei ya amonia iwe ile ya 2022 miaka yote ishirini na tano, bei ambayo ilitokana na vita ya Ukraine, viwanda vya Ulaya kufungwa kwa gesi ghali na bomba la amonia la kutoka Togliatti kwenda Odesa kuzimwa. Hakuna wa kujenga mradi juu ya msiba wa namna hiyo.

Kwa hiyo mi naona meli ya amonia kwenye bahari kuu yetu ni chombo sahihi kwenye mahali pasipo sahihi.

Halafu kuna jambo ambalo linaniuma zaidi ya hesabu. Ukiuliza kwa nini meli na sio kiwanda cha nchi kavu, utapewa sababu nzuri nzuri, inajengwa haraka, inaweza kuhamishwa, haichukui ardhi, hakuna fidia, hakuna migogoro na wananchi. Rudia hizo mbili za mwisho. Hakuna fidia, hakuna migogoro na wananchi, tafsiri yake kwa mtu wa Mtwara ni kwamba hakuna wananchi. Tunakumbuka 2013, "gesi haitoki", watu walipigwa, watu walikufa, nyumba ziliungua, kwa sababu waliona bomba linapita mlangoni kwao kwenda Dar na wao wamebaki wanatazama. Bomba lilijengwa, likaanza kazi 2015. Sasa fikiria chombo ambacho hata bomba hakina, kinakaa kilomita mia kutoka pwani, kimejengwa Korea, wafanyakazi wanaletwa na helikopta, meli inapakia inaondoka na mvuvi wa Msimbati haoni hata taa yake usiku.

Na hili sio la kufikirika, jirani zetu Msumbiji wanalo. Coral Sul, meli ya kutengenezea LNG ya kampuni ya Eni ya Italia, ilijengwa Korea, ikafika Cabo Delgado Januari 2022, ikatoa shehena ya kwanza ya LNG Novemba mwaka huo huo. Mji wa Palma ulikuwa umeshashambuliwa na waasi Machi 2021, mradi wa LNG wa nchi kavu wa Afungi ukasimama miaka, watu wakavuka mto Ruvuma wakaja upande wetu na watoto mgongoni, na ile meli ikaendelea kupakia gesi kwa utulivu kabisa. Mwekezaji anaona ushahidi kwamba chombo cha baharini ni salama. Mi naona pia kwamba chombo kinaweza kufanya kazi vizuri sana wakati nchi iliyo mbele yake inaungua, na hiyo inanitisha. Sisemi meli ilisababisha vita, hapana, vita vya Cabo Delgado vina mizizi yake mingine mirefu. Nasema meli haikuhitaji amani ya watu wa pale ili ipate faida, na kitu kisichohitaji amani yako hakina haraka ya kukusaidia kuipata.

Turudi kwenye hii "kaboni ndogo" maana nayo ina mitego. Kuzika hewa ukaa baharini kunawezekana, hilo lisiwe na ubishi. Norway wanafanya Sleipner tangu 1996, karibu tani milioni moja kwa mwaka kwa miaka mingi, wanaitenganisha kwenye jukwaa baharini na kuirudisha kwenye mchanga wa Utsira chini ya bahari. Na walifanya hivyo kwa sababu Norway iliweka kodi ya hewa ukaa mwaka 1991, ikawa rahisi kuzika kuliko kulipa. Na mwendeshaji wa Sleipner ni nani? Equinor. Hao hao wa Zafarani na Lavani. Kwa hiyo siku wakikaa mezani na sisi wakasema kuzika hewa ukaa chini ya bahari ni ghali mno na haijazoeleka, tuna haki ya kuwaambia kaka zangu, nyie ndio mmeizoea kuliko mtu yeyote duniani.

Ila kuzika hewa ukaa ya mtambo hakutoshi. Kuna hewa ukaa inayotoka kwenye tanuru la kuchemshia, ambayo ni moshi wa kawaida na kuikamata ni ghali, na wengi wanaouza amonia ya bluu wanaikamata ile rahisi halafu wanaandika "kaboni ndogo" kwenye karatasi. Mitambo ya aina nyingine inayotumia oksijeni safi ndani inaweza kukamata zaidi ya asilimia 90, ila inataka mtambo mwingine wa kutenganisha hewa, juu ya meli ambayo nafasi ni ya kugombania na minara mirefu inayumba na mawimbi. Halafu methani yenyewe ikivuja, kwenye vali, kwenye bomba, kidogo kidogo, ndani ya miaka 20 inapasha joto dunia mara 80 na zaidi kuliko hewa ukaa kilo kwa kilo. Mvujo mdogo tu unakula faida yote ya kuzika. Ulaya nao wameshaanza kudai hesabu za kaboni, kodi yao ya kaboni ya mpakani imeanza rasmi Januari 2026 na mbolea imo, kwa hiyo anayetaka kuuza huko ataulizwa kilo ngapi, za wapi, nani amepima.

Na kuna jambo la urea ambalo nashangaa halisemwi. Urea inatengenezwa kwa amonia na hewa ukaa. Tani moja ya urea inameza tani 0.73 ya hewa ukaa, ndio maana viwanda vya urea vinajengwa pamoja na vya amonia, hewa ukaa inayotoka huku inatumika kule. Sasa kama meli yako imezika hewa ukaa baharini na kukuletea amonia tupu bandarini Mtwara, urea huwezi kutengeneza, labda utafute hewa ukaa pengine. Na hata ukiitengeneza, ile hewa ukaa ya ndani ya urea inaachiwa shambani siku chache tu baada ya chembe kuyeyuka, pale pale kwenye shimo la mama mdogo. Kwa hiyo mtu anayekuahidi urea ya kaboni ndogo mwulize maswali mara mbili. Kinachoingia akilini kwa amonia tupu ni mbolea ya CAN, ambayo inataka amonia na chokaa, na chokaa pwani ya kusini ipo, au SA, ile yenye salfa, au mbolea za mchanganyiko na fosfeti ya Minjingu, hata kile kiwanda cha mwekezaji kutoka Burundi pale Dodoma kinachochanganya samadi na madini, naitrojeni yake lazima itoke mahali. Migodi yetu nayo inaagiza baruti za amonia kutoka nje. Soko la ndani lipo, hatuhitaji kulibuni.

Nigusie usalama, ingawa ningeweza kuandika makala nzima. Machi 1992 Dakar, tenki la amonia lilipasuka kwenye kiwanda cha karanga, watu 129 walikufa na zaidi ya elfu moja walijeruhiwa. Amonia sio petroli, haikimbilii kuwaka, inakimbilia mapafu. Kwenye meli ambayo mabweni ya wafanyakazi yako mita mia na kitu kutoka kwenye mtambo na mahali pa kukimbilia ni maji tu, hilo ni zito. Nchi kavu nako kuna watu wengi zaidi jirani, kwa hiyo hatari haiondoki kwa kuhamisha mtambo, inahama tu, na popote itakapokuwa wanaoishi hapo wapewe king'ora, mazoezi na umbali, tena kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.

Watu watasema Japani wanaitaka amonia na watalipa vizuri. Ni kweli, kati ya Aprili na Juni 2024 kampuni ya JERA ilijaribu kuchanganya asilimia 20 ya amonia kwenye mtambo wa makaa ya mawe wa Hekinan na ikafanya kazi. Meli nazo zinaiangalia kama mafuta, japo Oktoba 2025 nchi wanachama wa shirika la kimataifa la bahari waliahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi wa kutoza meli kwa uchafuzi, kwa hiyo soko hilo limepoa kidogo. Mi sina shida na kuuza nje, tunahitaji dola. Shida yangu ni nchi ambayo wakulima wake wanagawa kisoda kimoja kwa mashimo mawili kuzalisha naitrojeni na kuipeleka ikachomwe na makaa ya mawe Japani, yote, mpaka tone la mwisho. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja 2006 kufikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Muda ule umepita zamani na bado tuko mbali.

Tena sisi hii ndoto tumeiota mara nyingi kuliko LNG. Tanga kulikuwa na kiwanda cha mbolea kuanzia miaka ya 70, lakini malighafi zake zilikuwa za kuagiza, amonia yenyewe ikija kwa meli kutoka nje wakati Songo Songo gesi ilishaonekana tangu 1974, kikafa mwanzoni mwa miaka ya 90. Miaka ya 80 ikaja KILAMCO, amonia na urea ya Kilwa kwa gesi ya Songo Songo, wazee wa TPDC, shirika letu la mafuta, wa wakati huo wanaijua vizuri, ikaishia kwenye makaratasi. Muongo uliopita ikarudi tena Kilwa Masoko na kampuni za Ujerumani, Denmark na Pakistan, mazungumzo yakakwama kwenye bei ya gesi. Mara zote hizo gesi ilikuwepo na mkulima alikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema bei ya gesi ya mbolea itakuwa hii, kwa miaka hii, na imeandikwa kwenye mkataba. Serikali ikaja kulipia upande wa pili, Agosti 2022 ikatangaza ruzuku, mfuko wa urea uliokuwa zaidi ya 120,000 ukashushwa mpaka 70,000, na mama mdogo aliponipigia simu sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. Nashukuru kwa ile ruzuku kwa dhati. Ila ni hela ya kodi inayokwenda kulipia gesi ya Ghuba na ya Urusi iliyogeuzwa kuwa chembe, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo ningekuwa kwenye kile chumba cha majadiliano nisingepoteza muda na meli. LNG ikijengwa Likong'o bomba la bahari kuu litafika nchi kavu tu, gharama kubwa ya visima itakuwa imeshabebwa na LNG, na sheria yetu inataka sehemu ya gesi ibaki ndani. Eneo lipo, zaidi ya hekta 2,000, na fidia ililipwa 2020. Ningeomba futi milioni 100 kwa siku zitajwe kwa jina, za amonia, na bei yake iandikwe humo humo kwa miaka 20. Ningeomba bomba la pili la kurudisha hewa ukaa baharini lichorwe tangu siku ya kwanza, hata kama litajengwa awamu ya pili, maana kuchora baadaye ni ghali zaidi. Ningeomba vipimo vya methani viwekwe na visomwe na Watanzania. Na amonia ikitoka, sehemu ya mkulima itoke kwanza kabla ya meli ya Yokohama kufunga kamba.

Tuseme sehemu hiyo iwe asilimia 10 tu ya kiwanda cha tani milioni 1. Hizo ni tani laki moja za amonia, ndani yake kuna naitrojeni kama tani 82,000, ambayo ukiigeuza CAN unapata karibu mifuko milioni 6 ya kilo 50 kila mwaka, ikipanda lori Mtwara, Masasi, Tunduru, lami mpaka Songea. Shamba la mama mdogo linataka mifuko mitano.